Barua ya wazi kwa mnaotuandikia miongozo ya matibabu: goti la bibi wa Kibosho limo kwenye hizo rivyu?

Kwa wakubwa wa Wizara ya Afya mnaokaa kwenye kamati za miongozo ya matibabu, kwa NIMR (taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa), kwa wakuu wa vyuo vya afya hapa Moshi na Arusha, na kwa watu wa bima.

Shikamooni wakubwa, na wale rika langu habari za kazi.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Moshi, wagonjwa wanatuita madaktari wa mazoezi na tumeshazoea. Naenda moja kwa moja maana najua meza zenu zina makaratasi mengi. Miongozo ya kutibu migongo, magoti, mabega na mifupa inajengwa juu ya ushahidi, na ushahidi unaopewa kiti cha mbele siku hizi ni sistematiki rivyu, yaani watu wanakusanya tafiti zote zilizofanyika kuhusu tiba fulani, wanazichuja, wanajumlisha majibu yake afu wanatoka na jibu moja. Sina ugomvi na hiyo kazi, tena naipenda, bila hizo rivyu tungekuwa mpaka leo tunamlaza mtu wa mgongo kitandani wiki nzima wakati inajulikana anatakiwa aendelee kutembea. Ombi langu ni hili: kabla hamjachukua jibu la rivyu na kulifanya mwongozo wetu, ulizeni nani alikuwemo ndani ya hizo tafiti na nani hakuwemo, na jibu la hilo swali liandikwe kwenye mwongozo wenyewe, mahali ambapo hata tabibu wa zahanati atalisoma.

WHO wanasema watu kama bilioni 1.71 duniani wanaishi na matatizo ya mifupa, viungo na misuli. Mgongo wa chini peke yake ulikuwa na watu milioni 619 mwaka 2020, na makadirio ni milioni 843 ikifika 2050. Sawa, hizo ni namba za dunia. Kwenye benchi la huku kwetu anakaa mama aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani tangu binti, anakaa mpagazi wa mlimani aliyeshusha mizigo ya wageni msimu mzima na anaruhusiwa kilo 20 kwenye karatasi lakini mgongo wake haujui karatasi inasema nini, anakaa kijana wa bodaboda na chuma pajani, anakaa mzee aliyekunywa maji ya floraidi maisha yake yote upande wa Meru. Hawa ndo wa kwetu. Swali ni kama rivyu iliwahi kukutana nao.

Chukueni goti. Tafiti nyingi za goti linalosagika zinapima nafuu kwa dodoso linaloitwa WOMAC, limetengenezwa Kanada miaka ya 1980, lina maswali 24, na 17 kati ya hayo yanauliza kazi za kila siku unazifanya kwa shida kiasi gani. Mengine yako sawa kabisa, kupanda ngazi, kuinuka kitandani, kutembea sehemu tambarare (tambarare Kibosho, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro! haya). Lakini humo humo kuna kuingia na kutoka kwenye gari, kuna kuvaa soksi, kuna kuvua soksi, kuna kuingia na kutoka kwenye bafu la kujilaza. Sasa jaribu kumuuliza bibi wa Kibosho kuhusu hilo bafu, anakuangalia, anacheka, anakuuliza mwanangu mtu analala kwenye maji anatafuta nini. Na soksi anavaa Jumapili kama kuna baridi.

Ukimuacha aongee mwenyewe anakuambia goti lake linamsumbua wapi. Linamsumbua chooni, maana choo ni cha shimo, kuchuchumaa anaweza ila kuinuka mpaka ashike ukuta, na usiku wa mvua akiteleza hakuna wa kumsikia. Linamsumbua akishuka korongoni kwenda kukata majani, kushuka kuliko kupanda, na anapanda na mzigo. Linamsumbua kwenye kigoda mbele ya moto, kanisani kwenye kupiga magoti, na jirani yake Mwislamu linamsumbua kwenye sujudu mpaka amehamia kuswali kwenye kiti na anaona aibu. Hakuna hata kimoja hapo ambacho kile kidodoso kinakiuliza hivyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa tiba ikapandisha pointi kwenye utafiti, rivyu ikazijumlisha pointi, mwongozo ukaandika "inafaa", na huyu bibi bado anashika ukuta wa choo. Na kinyume chake pia inawezekana, tiba inayomsaidia kuinuka kutoka kuchuchumaa ikaonekana haina maana kwa sababu hakuna aliyeipima kwa hilo.

Eksirei nayo ina historia yake. Kipimo tunachotumia kusoma goti limesagika kiasi gani kwenye picha, daraja sifuri mpaka nne, ni cha Kellgren na Lawrence cha mwaka 1957, na walikijenga kwa kuangalia watu wa kaskazini mwa Uingereza, wachimba makaa ya mawe wakiwemo. Mwaka 2021 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Marekani ulioangalia kwa nini wagonjwa weusi wanalalamika maumivu makali ya goti kuliko weupe wakati picha zao zimepewa daraja lile lile. Usomaji wa kawaida wa eksirei ulieleza asilimia 9 tu ya hiyo tofauti. Wakafundisha kompyuta isome picha zile zile kwa kufuata maumivu ambayo mgonjwa mwenyewe ameyasema, ikaeleza asilimia 43. Maana yake kwenye goti kulikuwa na kitu, picha ilikionyesha, kipimo ndo hakikufundishwa kukiona. Na tafiti nyingi zinapokea wagonjwa kwa kufuata daraja hilo hilo, ukiwa chini ya daraja la pili mara nyingi huingii, na usipoingia kwenye utafiti huingii kwenye rivyu. Na huku kwetu ni wangapi tumewaambia "picha yako haina shida sana mama, nenda kapumzike".

Halafu kuna jinsia. Watafiti wa Kanada mwaka 2008 walitafuta wagonjwa wawili, mwanaume na mwanamke, wote wana goti bovu kiasi cha kati, wakawafundisha waeleze shida yao sawasawa, wakawatuma kwa madaktari. Mwanaume alishauriwa kubadilishiwa goti karibu mara mbili ya mwanamke. Na hiyo ni nchi ambayo matibabu ya hospitali hayalipiwi mlangoni. Sasa kama wanawake hawafiki kwenye upasuaji wanafikaje kwenye utafiti wa upasuaji, na hata wakifika, ni rivyu ngapi zinakutenganishia matokeo yao na ya wanaume? Wengi wanakupa wastani mmoja. Wastani wenyewe sasa, ukichukua Moshi mjini na kilele cha Kibo ukapiga wastani unapata mita elfu tatu na mia kadhaa, pale hakai mtu wa Moshi wala barafu ya Kibo, na ukimvalisha nguo za huko wote wawili umewakosa.

Nisiwachoshe na kulalamika, maana dawa ya hili ipo na ina miaka mingi tu. Waliolivalia njuga tena wamo watu wa viungo wenyewe, Peter Tugwell ni daktari wa baridi yabisi pale Ottawa, yeye na kina Vivian Welch wamesukuma miaka mingi hii habari ya usawa ndani ya rivyu za Cochrane, ule mtandao wa dunia unaoandika rivyu za tiba. Kuna kifupi kinaitwa PROGRESS, kilitolewa 2003, kinakukumbusha kumuangalia mtu anaishi wapi, rangi au kabila na lugha yake, kazi yake, jinsia yake, dini yake, elimu yake, mfuko wake, na kama ana watu wa kumshika mkono. Baadaye wakaongeza Plus, ikaingia umri, ulemavu na mengine ya namna hiyo. Mwaka 2012 wakatoa PRISMA-E, orodha ya mambo ambayo mwandishi wa rivyu anatakiwa kuyaripoti kama anajali usawa, kuanzia anapoweka swali, anapochagua tafiti, anapochambua, mpaka anaposema haya majibu yanamfaa nani. Na kwenye GRADE, ule utaratibu wa kupima ushahidi unaaminika kiasi gani, ambao najua mnatumia maneno yake, pale kwenye kutoka ushahidi kwenda uamuzi kuna kipengele kizima kinachouliza tiba hii itaongeza pengo au itapunguza. Kwa hiyo simuombi mtu abuni kitu. Naomba hicho kipengele kijazwe kwa Moshi na Arusha na Rombo na Longido, kisijazwe kwa "inatarajiwa haitakuwa na athari" afu tunaenda chai.

Mfano wa karibu. Mazoezi kwa goti linalosagika, rivyu nyingi zinakubaliana yanasaidia, na mimi naishi kwa hiyo kazi kwa hiyo mkiniuliza nitawaambia yanasaidia. Lakini yanatolewaje? Kuna programu maarufu ya Denmark, GLA:D, ilianza 2013, mgonjwa anapewa somo kidogo afu mazoezi ya kusimamiwa mara 12, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Nzuri sana. Sasa mtoe mama Rombo, apande haisi mpaka mjini mara mbili kwa wiki, wiki sita, msimu wa kupanda mahindi, na nani anakata majani siku hiyo? Atakuja mara ya kwanza, atakuja ya pili, afu humuoni, na kwenye faili tutaandika "mgonjwa hakufuata ushauri". Mwenzake wa Shanty Town, mtaa wa wenye nafasi hapa Moshi, mwenye bima na gari atamaliza zote 12. Tiba ile ile, nzuri kwa wote wawili, imewaacha mbali zaidi kuliko ilivyowakuta. Daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliliandika hili kwenye Lancet mwaka 1971, kwamba huduma nzuri inapungua pale inapohitajika zaidi. Rivyu ikiniambia mazoezi yanapunguza maumivu bila kuniambia kwenye zile tafiti walioacha katikati ni akina nani na waliacha kwa nini, imenipa nusu ya habari. Mimi nataka kujua kama kuna mahali walijaribu mara nne badala ya 12, au nyumbani na simu, au kwa kikundi cha kanisa, na ikawaje kwa watu wa kipato cha chini hasa.

Na tiba ikifikiriwa kwa kuanzia aliye chini inawezekana, msiseme haiwezekani. Angalieni vyuma vya SIGN vya mfupa wa paja, watu wa Marekani walianza kuvitoa 1999 kwa hospitali zisizo na hela, na vimetengenezwa ili daktari afunge mfupa bila ile mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Tanzania tunavitumia, vijana wa bodaboda wangapi wanatembea kwa sababu hiyo. Ukisoma rivyu ya kufunga mfupa wa paja uulize kwanza, walikuwa na hiyo mashine au hawakuwa nayo? Mgonjwa alilala siku ngapi kwenye uzito wa kuvuta mguu akisubiri hela ya ndugu? Hilo la kusubiri hela ndo ulemavu wetu mwingi unakotoka.

Kuna na floraidi. Wote mnajua maji ya Arumeru, njoo Maji ya Chai, njoo vijiji vya chini ya Meru, meno ya watu yanasema yenyewe. WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita na sisi kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu mpaka 4, na kuna visima vilivyopita hata hapo. Floraidi nyingi haiishii kwenye meno, inaingia kwenye mifupa, watoto wanapinda miguu, wazee wanakakamaa mgongo na viungo. Mzee wa hivyo akija na maumivu ya goti au mgongo anatibiwa kwa mwongozo uliojengwa kwa tafiti za watu wa Ulaya, Marekani na Australia wanaokunywa maji ambayo hayana hiyo shida. Labda tiba itamfaa vile vile. Lakini mwandishi wa mwongozo anatakiwa ashushe kidogo uhakika wake, GRADE inamruhusu, aseme ushahidi huu kwa watu wa ukanda huu si wa moja kwa moja. Mstari mmoja tu. Na huo mstari ndo unaweza kumfanya mtu wa Arusha aandike pendekezo la utafiti na likapata hela.

Najua mtakachosema, kwamba rivyu haiwezi kutoa data ambayo tafiti zenyewe hazikukusanya. Kweli. Na nitawasaidia kuongeza pingamizi lingine, ukianza kukatakata wagonjwa wanawake huku, wazee huku, wakulima huku, utapata makundi madogo na utaona tofauti ambazo ni za bahati tu, halafu mtu anakimbia kutangaza kwamba tiba haiwafai wanawake. Hilo ni hatari na ndo maana makundi yanatakiwa yatajwe mapema, kabla ya kuangalia majibu, na yawe machache yenye sababu. Lakini mahali ambapo hakuna data, andikeni hakuna data. "Tafiti hizi hazikuripoti kazi za wagonjwa, hazikuripoti elimu, hakuna hata moja iliyofanyika Afrika kusini mwa Sahara." Ukikaa kimya msomaji wa zahanati anadhani jibu ni la watu wote. Kimya ndo kinachoniuma.

Kwa wakuu wa vyuo nina neno la pembeni kidogo. Wanafunzi wenu wa uzamili wanahangaika kutafuta mada na hela za utafiti, wengine wanarudia dodoso la maumivu ya mgongo kwa manesi kila mwaka (jamani, migongo ya manesi tumeshaijua). Rivyu haihitaji maabara, inahitaji laptopu, bando, uvumilivu, na Hinari ambayo inatupa majarida bure. Wapeni hizo. Ila tangu kwenye protokali, yaani mpango wa rivyu unaoandikwa kabla ya kuanza, wadaini ukurasa wa PROGRESS, asiyekuwa nao asipite. Na pale Moshi tuna TATCOT inayofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, wanafunzi wanatoka nchi nyingi, hao wanajua kwa mikono yao mguu bandia unavunjika wapi ukitembelewa shambani, waiteni kwenye kuweka swali la rivyu, msiwaite siku ya kupiga picha.

Wilaya ya Hai watu wamepita nyumba kwa nyumba kuulizia maumivu ya viungo, kazi ya watafiti wa Moshi na wenzao wa Glasgow, kwa hiyo kuuliza watu wetu kunawezekana na wanajibu vizuri tu. Kinachokosekana ni dodoso la kazi za viungo lenye kuchuchumaa, kubeba kichwani, kushuka korongo, kukaa chini na kuinuka, sujudu, ambalo mtafiti yeyote wa goti au mgongo akija kufanya majaribio ya tiba hapa analazimika kulitumia pamoja na hilo la Kanada, WOMAC. Kamati za maadili mna hiyo nguvu. Mtu anakuja kuomba kibali mnamwambia ongeza haya maswali, anaongeza, atakataaje.

Bima nitasema kwa kifupi kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapita 2023 na mabishano ya kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, mnayajua kuliko mimi. WHO walitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini Desemba 2023, umeweka elimu na mazoezi mbele, ukasema mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni visitolewe kama kawaida. Sasa tembeeni maduka ya dawa Arusha mjini mhesabu mikanda ya mgongo iliyoning'inia. Mtu wa kijijini asiyefika kwenye mazoezi ananunua mkanda na diklofenaki kwa sababu ndo vilivyo karibu, na diklofenaki anameza miezi na presha anayo. Kitita kikilipa dawa kikabana vipindi vya mazoezi, tumeisoma rivyu vizuri afu tumelipia kitu kingine.

Kwa hiyo mkikaa kurekebisha sehemu ya mifupa na viungo, naomba kila pendekezo liwe na mistari michache chini yake: tafiti zilifanyika wapi, wanawake walikuwa wangapi, wazee walipokelewa au waliondolewa, wenye ulemavu je, kazi za watu zilikuwa zipi, nani aliacha katikati, na nini kifanyike kama mgonjwa hawezi kufika mara zinazotakiwa. Na kwenye meza hiyo awepo angalau mgonjwa mmoja mwenye goti bovu ambaye si mstaafu wa serikali, alipwe nauli na posho kama mnavyolipana, na kikao kisiwe ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti imekufa.

Mkihitaji wagonjwa wa kuongea nao, siku zetu za magoti na migongo benchi linajaa kabla ya saa mbili asubuhi. Karibuni, ila njooni na muda, wana maneno.

Ni mimi,
mtu wa mazoezi, Moshi